Meza za Chumba cha Nyuma

Wiki nzima Dada Meza alikuwa kiguu na njia. Asubuhi yuko kwa fundi cherehani, mchana yuko kwenye kibanda cha fundi baiskeli, jioni anagonga milango ya mtaa wa nyuma ya makumbusho, na kila anapopita neno ni lile lile: Jumamosi wageni wanakuja, jamani msiniangushe, njooni wote. Sauti ilishamkauka. Na usidhani huyu ni mtu wa kubembeleza watu. Ana hasira za karibu na ana ulimi, ila wiki hiyo aliumeza ulimi wake kwa sababu alikuwa na jambo linalomnyima usingizi.

Jambo lenyewe lilikuwa chumba. Makumbusho ya sanaa aliyofanyia kazi yalikuwa madogo, nyumba ya mtu ya zamani iliyogeuzwa: vyumba viwili vya mbele vya picha na vinyago, kijichumba cha tiketi, na huko nyuma, ukishapita choo, chumba kikubwa kilichokuwa stoo. Alipopewa kazi ya kuendesha shughuli za jamii, Dada Meza aliiomba stoo hiyo. Alitoa makopo na mbao zilizooza, akaziba dirisha lililovunjika, kisha akaenda kuomba meza zilizotupwa nyuma ya shule moja na kuzipiga msasa mwenyewe hadi viganja vikatoka malengelenge. Ndipo watu wakambandika jina hilo. Tangu hapo kila Jumamosi watu wa mtaa walikuwa wakiingia humo kufinyanga udongo, kupaka rangi, kuchonga maumbo kwenye soli za viatu vilivyochakaa na kuyagonga kwenye karatasi. Kazi zao zilining'inia kwa vibanio vya nguo kwenye kamba, kutoka ukuta hadi ukuta, na sinki la pembeni lilikuwa limeziba kwa udongo kiasi kwamba maji yake yalikingwa kwa ndoo.

Sasa bodi ilikuwa inakitaka chumba. Mwenyekiti wa bodi alisikia kwamba mji hauna ukumbi mdogo wa mikutano, akaona kwake kuna chumba kizima kinajaa matope. Jumamosi angekuja na wajumbe wenzake kukitazama na kuamua papo hapo: kibaki cha kazi za mikono, au meza zitoke kiwe ukumbi wa kukodisha. Mkurugenzi wa makumbusho alimwita Dada Meza ofisini akamwambia, "Mimi sina upande. Waonyeshe watu wako wakiwa kazini, wao wataamua."

Hana upande. Dada Meza alitoka mle akisaga meno, maana alimjua bosi wake. Mwenyekiti akipiga chafya, yeye ameshatoa leso.

Lakini kilichomkosesha usingizi hakikuwa mkurugenzi wala mwenyekiti. Kilikuwa Shangazi, dada wa baba yake, mwanamke aliyemlea. Tangu amzike mumewe, Shangazi alikuwa ameacha kuishi huku bado anapumua. Mlango wake ulifunguliwa kwa kuingiza maji tu. Ukimsalimia anaitikia, na mazungumzo yanaishia hapo. Siku nzima yuko kwenye kiti cha dirishani, redio imezimwa. Dada Meza alimleta kwenye chumba cha nyuma kwa hila, eti amekosa mtu wa kumkandia udongo. Jumamosi ya kwanza Shangazi alikanda bila kusema neno. Jumamosi ya pili akasema udongo una mawe, nani mjinga aliyeuchekecha. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Alifinyanga vyungu vyenye masikio, kwa sababu alisema chungu nacho kina haki ya kusikia umbea wa jikoni, na alimcheka fundi baiskeli mbele ya watu kwa sababu ndege wake wote wa udongo walikuwa na matumbo kama ya wajawazito. Alirudi kuwa yule mwanamke aliyekuwa anacheka hadi majirani wanagonga ukuta.

Chumba kikifungwa, Shangazi anarudi dirishani. Bodi haikumjua Shangazi wala haikuwa na sababu ya kumjua. Ila watu wazima na akili zao, wakifungua mlango na kuona mtaa mzima umeinamia meza, mikono imezama kwenye udongo, na Shangazi katikati yao akitukana kazi za wenzake, nani angekuwa na moyo wa kusema meza zitolewe? Dada Meza alilitegemea hilo tu. Hakuwa na karata nyingine.

Jumamosi ilipofika, mkurugenzi akaanza vituko vyake. Kwanza alimtuma kuazima kipaza sauti. Dada Meza akauliza kipaza sauti cha nini, watu wanakuja kufinyanga. Akajibiwa kwamba mwenyekiti hawezi kusema kwa mdomo mtupu. Alikwenda, akakikosa, akaelekezwa kwingine, akakipata bila waya, akaufuata waya. Aliporudi akaambiwa picha moja ya chumba cha mbele imekaa upande, aishike huku mkurugenzi akisimama mbali na kufumba jicho moja. Juu kidogo. Chini kidogo. Sasa imerudi palepale. Roho ilikuwa inamtoka. Kwa nyuma alisikia watu wakiingia kwa mlango wa uani, wengi, miguu na viti na kicheko cha Shangazi, akajifariji kwamba angalau huko mambo yanakwenda.

Alipoachiwa hatimaye, alikimbia kwenye korido, akausukuma mlango wa chumba cha nyuma, akasimama.

Hakuna aliyekuwa anafinyanga. Meza zote zilikuwa zimesukumwa ukutani na kufunikwa mashuka meupe yaliyopigwa pasi. Udongo haukuonekana. Kamba ya kazi zao ilikuwa imeteremshwa. Sakafu iling'aa kwa kusuguliwa, hata lile doa la rangi ya bluu ambalo yeye mwenyewe alishindwa kulitoa lilikuwa limetoka. Na katikati ya chumba, kwenye safu za viti vya kuazima, mtaa wote ulikuwa umekaa umetulia tuli, mikono mapajani, kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

Na nguo walizovaa. Fundi baiskeli, ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila grisi, alikuwa na suti ya kijivu na tai. Fundi cherehani alijishonea gauni jipya. Shangazi alikuwa safu ya mbele, kwenye gauni lake la zambarau lililokuwa halijatoka kabatini tangu msiba, mkufu shingoni, viatu vyenye kisigino. Alipomwona mwanawe mlangoni aligeuza shingo taratibu na kumkonyeza.

"Umeona?" akasema. "Leo tunakutoa kimasomaso."

Dada Meza aliinua ncha ya shuka la karibu, akaiachia.

"Nani amewaambia mvae hivi?"

Watu wakatazamana. Shangazi akacheka kidogo, akidhani ni utani.

"Nauliza nani amewaambia. Udongo uko wapi? Meza nani amezifunika? Mimi nimezunguka wiki nzima, miguu imevimba, nikiwaomba mje kazini, nyinyi mmekuja harusini?"

Fundi baiskeli alishika tai yake kama inambana. Shangazi hakucheka tena.

"Wewe ndiye uliyetuambia," alisema.

"Mimi?"

"Wewe. Siku ile ya yule mama wa miwani."

Hapo Dada Meza akakumbuka, na kumbukumbu yenyewe ikamchoma. Ilikuwa mwaka uliopita. Mama mmoja mkubwa, rafiki wa makumbusho, aliletwa chumbani bila taarifa siku ambayo kazi ilikuwa imepamba moto. Fundi baiskeli, kwa furaha ya kumwona mgeni, alimpa mkono wenye udongo hadi kiwiko, na mkono wa koti la yule mama ukabaki na vidole vitano. Mama mwenyewe alicheka. Mkurugenzi hakucheka. Alimtazama Dada Meza jicho moja tu, na Dada Meza akaona haya hadi masikio yakamuwaka. Mgeni alipoondoka aliwageukia wenzake akasema, "Jamani, siku wageni wakija tuwe watu, tafadhali. Tunawe. Tukae kama watu." Aliyasema mara moja, kwa haraka, huku anatafuta kitambaa, na kesho yake alikuwa ameshayasahau.

Wenzake hawakuyasahau. Waliondoka siku ile wamejua kwamba namna walivyo wakiwa kazini ni namna ya kufichwa. Na wiki hii, kila mlango alioupiga hodi, yeye aliwaambia nini? Wageni wanakuja. Msiniangushe. Neno udongo hakulitaja hata mara moja, kwa sababu alidhani udongo haujifichi.

"Sikiliza, Shangazi," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sikilizeni wote. Nilikosea. Leo nataka mchafuke. Toeni haya mashuka, leteni udongo, upesi."

Walimtazama kwa huruma. Hivi ndivyo mtu anavyosema akiona watu wamejitesa kwa ajili yake, kwamba wasijisumbue, na wao walikuwa watu wastaarabu, hawangekubali kirahisi.

"Usituonee huruma, mwalimu," fundi baiskeli alisema. "Kwa leo tumejikaza."

"Sikuonei huruma. Nakuomba ukamate udongo."

"Na suti ya shemeji yangu?"

Dada Meza aliona wanamchelewesha. Alivuta shuka la meza ya kwanza mwenyewe, akapiga magoti, akaanza kulivuta beseni la udongo lililofichwa chini. Lilikuwa zito, na lilikuwa limekwama kwenye mguu wa meza. Alikuwa bado kule chini, makalio yakitazama mlango, mlinzi alipochungulia kusema gari limefika, na kabla hajaliondoa lile beseni mkurugenzi aliingia na wageni wake wote. Mtaa mzima ukasimama kwa pamoja, kama umefundishwa.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa mzee mnene, mpole wa sura, mwenye tabia ya kutikisa kichwa kabla hujamaliza sentensi. Alisimama katikati ya mlango akavitazama viti, safu moja baada ya nyingine.

"Kumbe," alisema. "Kumbe kinachukua watu wote hawa."

"Mzee," Dada Meza alisema, akijipangusa magoti, "kwa kawaida hawakai hivi. Kwa kawaida hapa ni kazi tupu, meza ziko katikati, watu wanafinyanga, wanapaka rangi. Leo wamevaa kwa heshima yenu tu. Ngoja uone." Akageuka. "Fundi, njoo. Njoo umwonyeshe mzee unavyofanya ndege wako."

Fundi baiskeli alitoka safuni. Dada Meza alikuwa ameshabandua bonge la udongo, amemnyooshea. Fundi aliliangalia lile bonge, akaiangalia suti ya shemeji yake, akamwangalia mwenyekiti. Kisha akafunga kifungo cha koti, na mkurugenzi, mwenye akili zake za haraka, akamtia kipaza sauti mkononi.

"Ndugu mwenyekiti," fundi baiskeli alianza, "kwa niaba ya wenzangu naomba kutoa shukrani."

Lo, mtu huyu kumbe alikuwa na maneno. Mwaka mzima amekaa pembeni akitengeneza ndege wenye vitambi, anaitikia kwa kichwa, leo kinywa kilifunguka. Alimshukuru mwenyekiti, akawashukuru wajumbe, akamshukuru mkurugenzi kwa ulezi wake, akamshukuru mwalimu wao ambaye amewatoa mbali. Alisema kila kitu isipokuwa wanachofanya humo. Watu walipiga makofi. Shangazi alipiga makofi kuliko wote. Dada Meza alisimama na lile bonge mkononi, linamdondokea kiatuni, anatamani kumtupia.

"Safi sana," mwenyekiti alisema. "Watu watulivu, chumba kisafi, sauti inafika hadi nyuma." Akamtikisia kichwa mkurugenzi. "Mimi sina la kuongeza."

Mkurugenzi alimsubirisha Dada Meza kwenye korido kidogo, karibu na mlango wa choo, akamwambia kwa sauti ya chini yenye kubembeleza kwamba bodi imefurahi mno, na kwamba yeye apokee pongezi, maana watu wake ndio waliowafungua macho jinsi chumba kinavyofaa. Jumatatu vijana watakuja kutoa meza. Shughuli za jamii zitaendelea bila shaka, mara moja moja, pale ukumbi utakapokuwa haujakodishwa. Na zile za udongo, tuone, labda watu wakaangalia picha za udongo.

"Picha za udongo," Dada Meza alisema.

"Ni mfano tu," mkurugenzi alisema, na akakimbilia uani kuwaaga wageni.

Dada Meza alirudi chumbani ili awaambie. Alikuwa amepanga maneno: asante kwa kuja, mmependeza, naomba mkae. Akausukuma mlango.

Chini ya kila kiti kulikuwa na mfuko. Hakuwa ameiona ile mifuko, au aliiona akadhani ni mikoba. Sasa yote ilikuwa wazi, na nguo za kazi zilikuwa zinatoka: mashati yaliyokatika kola, magauni yenye madoa ya rangi ya miezi mingi, aproni walizojishonea kwa magunia ya unga. Suti ya kijivu ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kiti. Wanawake walijikinga kwa shuka jeupe wakibadilisha nguo kwa zamu na kupigana vikumbo. Meza tatu zilishavutwa katikati. Beseni lililomshinda yeye, fundi baiskeli alikuwa amelitoa kwa mkono mmoja, na Shangazi, pekupeku, gauni la zambarau limeshatundikwa msumarini, alikuwa ameingiza mikono hadi viwiko.

"Nani aliyeuacha bila kuulowesha?" alikuwa anauliza. "Umekauka kama roho ya mwenye nyumba. Na wewe fundi, umetuhutubia kama mbunge, sasa rudi kwa ndege wako wenye mimba."

Chumba kizima kikacheka. Fundi cherehani alikuwa anarudisha kamba ukutani. Mtu mmoja alikuwa ameshamwaga rangi ya bluu palepale lilipotolewa doa.

Dada Meza hakungoja. Alipita kwenye korido mbio, akapita choo, akapita kijichumba cha tiketi, akatokea nje. Gari lilikuwa bado. Mkurugenzi alikuwa ameinama dirishani akiendelea kuaga. Dada Meza alimsogeza kwa bega, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akashika ukingo wa kioo.

"Mzee, shuka. Nakuomba. Njoo uone sasa hivi, wameanza. Hatua chache tu."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Tumeshaona, binti. Tumeona vizuri sana."

"Hamjaona, mzee. Mlichoona siyo."

"Tumeshaona," alisema tena, kwa upole uleule, na dereva akatia gia. Dada Meza alibaki na mkono hewani. Kwenye kioo cha gari kulikuwa na alama ya kiganja chake cha udongo, inaondoka.

Mkurugenzi alisema kitu. Hakumjibu. Kama angefungua mdomo wakati ule angepoteza kazi, na labda angepaswa kuufungua, hata leo hajui. Alirudi ndani akitembea.

Shangazi alimwona kwanza. Alikuwa na udongo kwenye shavu na pumzi za mtu anayefanya anachokipenda.

"Haya tuambie," alisema. "Wametupenda?"

Wote wakainua vichwa. Dada Meza alitafuta namna ya kuyazungusha, akaikosa.

"Wamewapenda sana. Wamependa mlivyokaa. Wanataka pawe mahali pa watu kukaa. Jumatatu meza zinatolewa."

Fundi baiskeli aliweka ndege wake mezani bila kumpa mdomo. Shangazi hakuitoa mikono kwenye beseni. Alimtazama mtoto wa kaka yake kwa muda mrefu, na Dada Meza aliona, waziwazi, lile jicho la kwenye kiti cha dirishani likianza kurudi.

"Basi mwanangu," Shangazi alisema, "si ungetuambia tukae vibaya. Tungekaa vibaya."

Dada Meza alichukua aproni ya gunia, akaifunga, akavuta kiti upande wa pili wa beseni. Kutoka kule mbele mkurugenzi aliita kwamba mlango wa nyuma uko wazi, kelele zinafika barabarani. Shangazi alinyoosha shingo, mazoea yale yale ya kujificha, akataka kuinuka aufunge.

"Uache," Dada Meza alisema.

Shangazi akakaa. Wakakanda wote wawili, na hakuna aliyesema udongo una mawe.